Kupima Mtandao wa Simu Bila Kumaliza Bando

Ubora wa intaneti ya simu una pande mbili ambazo watumiaji wengi huzichanganya: nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu, na kasi ya data inayosafiri juu ya mawimbi hayo. Upande wa kwanza hupimwa bure. Upande wa pili hula bando, tena mtandao unavyozidi kuwa mzuri ndivyo kipimo kinavyozidi kula. Kipimo cha kawaida cha kasi huijaza njia yote kwa sekunde kama kumi wakati wa kupakua, kisha hurudia wakati wa kupakia. Kwa kasi ya Mbps 10, sekunde kumi za kupakua ni MB 12.5; kwa Mbps 100 ni MB 125, kabla hata upakiaji haujaanza. Anayelinganisha mitandao minne kwa kupima mara tatu kwa siku, kila kipimo kikila MB 60, atakuwa amemaliza MB 720 kabla ya kulala. Ndiyo maana upimaji wa gharama nafuu huanza na mawimbi, na kasi hupimwa mwishoni, kwa mitandao iliyovuka mchujo tu.

Tanzania ina Vodacom, Airtel, Yas (iliyojulikana kama Tigo hadi Novemba 2024), Halotel na TTCL. Kenya ina Safaricom, Airtel na Telkom. Wataalamu huzilinganisha kampuni hizi kwa magari yenye vifaa maalumu vyenye bei isiyofikiwa na mtu wa kawaida, na mamlaka za udhibiti, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya, hufanya upimaji wa namna hiyo na kutoa matokeo. Matokeo hayo yana thamani yake, ila huzungumzia eneo zima. Hayawezi kumwambia mpangaji wa Ongata Rongai au Kigamboni chumba cha nyuma chenye dirisha moja kitashika mtandao upi. Jibu la swali hilo hupatikana chumbani humo humo, kwa simu.

Njia rahisi kuliko zote imo ndani ya karibu kila simu, na wachache huitumia. Kwenye mipangilio ya mitandao ya simu kuna sehemu ya kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague yenyewe. Ikibonyezwa, simu hukata data kwa dakika moja au zaidi, husikiliza minara yote iliyo karibu, kisha huorodhesha majina ya kampuni zinazosikika. Simu nyingi huonyesha pia kama ni 2G, 3G au 4G. Hakuna haja ya kuwa na laini ya kila kampuni. Mtandao usio wa laini iliyomo unaweza kuandikwa kuwa umekatazwa, lakini kinachotafutwa ni jina lenyewe kuonekana. Kijijini ambako orodha inaleta jina moja tu, ulinganishaji umeishia hapo. Hali hiyo si ngeni: pale ambapo biashara hailipi, minara mingi ya vijijini Tanzania hujengwa kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na mara nyingi kata nzima hutegemea mnara wa kampuni moja.

Mipakani, kama Namanga, Holili au Tunduma, orodha huleta pia kampuni za nchi ya pili. Programu za upimaji huzitofautisha kwa namba ya nchi: 640 ni Tanzania, 639 ni Kenya, 641 ni Uganda. Huko ni vizuri kuzima matumizi ya data ya nje ya nchi kabla ya kupima chochote, kwa sababu simu iliyonasa mnara wa ng'ambo huweza kulamba salio bila mwenyewe kujua.

Ramani za bure ni chanzo cha pili. nPerf, Opensignal na Ookla huchora ramani kutokana na vipimo vya simu za watumiaji wao, na CellMapper huonyesha minara kama ilivyorekodiwa na wanaojitolea. Kampuni za simu nazo zina ramani zao, ambazo kwa kawaida hukokotolewa na kompyuta kwa kufuata sura ya ardhi na mahali minara ilipo, zikimchukulia mtumiaji kuwa yuko nje, mahali pa wazi. Kasoro za aina hizi mbili zinapingana. Ramani ya kampuni huelekea kupaka rangi hata mahali ambapo simu itahangaika ndani ya nyumba ya tofali. Ramani ya watumiaji huacha weupe mahali ambapo mtandao upo ila hakuna aliyepita na programu hiyo. Ukiitazama kwa haraka, utadhani mtandao unafuata barabara kuu. Kumbe wapimaji ndio wanaofuata barabara kuu. Ramani hufaa kuondoa mtandao ambao kwa vyovyote haupo, na haifai kuchagua kati ya miwili iliyopo.

Baada ya hapo ndipo watu hutazama vijiti vya mtandao juu ya skrini, na hapo hupotea. Hakuna kiwango kimoja kinachowabana watengenezaji wote kuhusu vijiti vinne vimaanishe nini. Kila mmoja huweka mipaka yake. Mwaka 2010 Apple ilikiri hadharani kwamba hesabu iliyotumika kuonyesha vijiti kwenye iPhone ilikuwa na kosa na ilionyesha vijiti vingi kuliko ilivyostahili. Simu mbili za kampuni tofauti, zikiwa na laini za mtandao mmoja juu ya meza moja, huweza kuonyesha idadi tofauti ya vijiti.

Dawa ni kusoma namba yenyewe. Kwenye Android nyingi hupatikana kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, chini ya hali ya laini. Kwenye simu nyingi kupiga *#*#4636#*#* hufungua ukurasa wa majaribio. Samsung nyingi hutumia *#0011#, na iPhone hutumia *3001#12345#*. Programu za bure kama NetMonster au Network Cell Info Lite huonyesha namba hizo hizo kwa mpangilio unaosomeka, na kuzisoma hakuhitaji bando.

Namba ya kwanza kwa 4G ni RSRP, nguvu ya mawimbi ya mnara uliounganishwa. Huandikwa kwa dBm na daima huwa hasi, kwa hiyo iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu. Ngazi zake huenda kwa kuzidisha: mawimbi ya −85 yana nguvu mara kumi ya mawimbi ya −95, na tofauti ya 3 tu ni karibu mara mbili. Kwa matumizi ya kawaida, −90 au zaidi ya hapo ni nzuri hata kwa kazi nzito; kati ya −90 na −105 mambo huenda; kutoka −105 hadi −115 mtandao hukatika-katika na betri huisha haraka kwa sababu simu hulazimika kupaza sauti ili mnara uisikie; karibu na −120 4G huwa ukingoni na simu hurudi 3G au 2G. Mipaka hii si ya sheria, lakini huwaongoza wengi bila kuwapotosha.

RSRP peke yake haitoshi. Namba ya pili, SINR, hulinganisha mawimbi yanayotakiwa na kelele pamoja na mawimbi ya minara mingine. Juu ya 20 ni safi sana, kati ya 10 na 20 ni nzuri, chini ya 10 kasi huanza kushuka, na chini ya sifuri kelele imeyazidi mawimbi. Katikati ya jiji lenye minara iliyobanana, simu huweza kuwa na RSRP ya −80 na bado ikaenda polepole kwa sababu minara mitatu inazungumza kwa wakati mmoja. Si simu zote zinazoonyesha SINR. Zisizoionyesha huwa na RSRQ, namba ya ubora wa mawimbi, na hiyo ina faida ambayo haitajwi sana. RSRQ hushuka mnara unapoelemewa na watumiaji. Mnara usio na kazi huonyesha kama −3 hadi −6, na ulioshiba hufika −11 au chini zaidi, hata kama nguvu ya mawimbi haijabadilika. Kwa hiyo anayesoma RSRP na RSRQ alfajiri, kisha akasoma tena saa mbili usiku akiwa amekaa pale pale na simu haipakui chochote, anaweza kuona msongamano bila kutumia hata KB moja. RSRP imebaki ile ile na RSRQ imeporomoka: mnara una watu wengi.

Kabla ya kulaumu mtandao, simu yenyewe huhitaji kukaguliwa. 4G husafiri kwenye bendi mbalimbali. Mawimbi ya chini, ya 700 na 800 MHz, hufika mbali na hupenya kuta; yale ya 1800 MHz na kuendelea hubeba data zaidi lakini huishia karibu. Simu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina bendi ya 20, yaani ile ya 800 MHz inayotumika sana Afrika Mashariki na Ulaya, na mwenye simu kama hiyo aliyoletewa na ndugu yake ataona mtandao mzuri kuwa mbovu. Simu za laini mbili za zamani nazo zina mtego wake: tundu la pili mara nyingi hushika 2G au 3G tu. Anayelinganisha mitandao miwili kwa wakati mmoja kwenye simu kama hiyo analinganisha matundu. Njia ya haki ni kuweka kila laini kwenye tundu moja kwa zamu. Na ikiwa watu wawili wanalinganisha kwa simu mbili tofauti, kila laini ipimwe kwenye simu zote mbili. Vinginevyo haitajulikana kama kilichoshinda ni mtandao au antena.

Kupata laini za kupimia si kazi kubwa kifedha, ila kuna usajili. Kwa Tanzania usajili ni kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na *106# humwonyesha mtu laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Badala ya kusajili laini nne kwa jaribio la wiki moja, wengi hufanya vyema zaidi kumwomba jirani au mgeni mwenye laini ya mtandao mwingine asimame sebuleni dakika tano huku namba zikisomwa. Ni kipimo kizuri na gharama yake ni kikombe cha chai.

Mitandao ikishachujwa kwa mawimbi hubaki miwili, pengine mitatu. Hapo data huanza kutumika, na kipimo cha bei ndogo kuliko vyote ni pingi: simu hutuma kifurushi kidogo cha data kwenda kwenye seva na kuhesabu milisekunde hadi jibu lirudi. Pingi mia moja, kwenda na kurudi, hazifiki KB 20. Zinaonyesha mambo mawili ambayo Mbps haziyaonyeshi: muda wa kusubiri, na idadi ya vifurushi vilivyopotea njiani. Mkutano wa video ambao sauti inakatika mara nyingi huugua hapo. Mtandao wenye Mbps 8 ambao haupotezi chochote hufaa zaidi kwa kufundisha au kuhojiwa kazi kwa video kuliko wenye Mbps 40 unaopoteza vifurushi vitano katika kila mia.

Kasi yenyewe hupimwa na programu nyingi, na hazipimi kitu kimoja. Speedtest ya Ookla hufungua njia kadhaa kwa pamoja na kwa kawaida huchagua seva iliyo karibu, ambayo mara nyingi imo ndani ya kampuni ya simu yenyewe au kampuni nyingine ya mji huo huo. Namba inayotoka ni ya safari kati ya simu na mlango wa nyumba ya mtoa huduma. NDT ya mradi wa M-Lab hutumia njia moja tu na seva zilizo nje ya kampuni za simu, hivyo huleta namba ndogo zaidi. Fast.com, iliyoanzishwa na Netflix mwaka 2016, hupakua kutoka seva za Netflix na kwa hiyo husema mengi kuhusu kutazama filamu na machache kuhusu mengineyo. Hakuna iliyo ya uongo kati ya hizo. Kosa ni kupima Vodacom kwa programu moja na Halotel kwa nyingine, au kuiachia Speedtest ichague seva ya Dar es Salaam kwa laini moja na ya Mombasa kwa nyingine, kisha kutangaza mshindi.

Umbali wa seva una uzito katika ukanda huu. Data inayobadilishwa ndani ya nchi hupita kwenye vituo kama TIX cha Dar es Salaam au KIXP cha Nairobi na hurudi haraka. Inayokwenda Ulaya au Asia hutegemea mikongo ya baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu, na intaneti ikazorota vibaya Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Siku hizo minara ilikuwa wima, vijiti vimejaa, na RSRP ni nzuri kama jana yake. Kwa hiyo kipimo kamili huwa na seva mbili: moja ya nchini na moja ya mbali. Ya nchini ikiwa na kasi na ya mbali ikasuasua, tatizo liko nje ya mnara, na kubadili laini husaidia pale tu ambapo kampuni nyingine hupitia njia tofauti kwenda nje.

Namna ya kupunguza ulaji wa bando ni kupima mara chache kwa saa zilizochaguliwa vizuri. Vipimo vitatu kwa siku, asubuhi, mchana, na kati ya saa moja jioni na saa tano usiku wengi wanapokuwa nyumbani, kwa siku chache zikiwemo Jumamosi au Jumapili, hutosha. Cha usiku ndicho chenye uzito. Mtandao unaong'ara saa kumi alfajiri haumsaidii anayefanya kazi saa mbili usiku. Matokeo yakipangwa kutoka dogo hadi kubwa, la katikati ndilo la kuaminiwa. Lile kubwa kuliko yote, ambalo watu hupenda kulipiga picha na kuwarushia rafiki, ndilo lisilo na maana. Wasiotaka kutumia hata kiasi hicho hupakua faili moja ya MB 5 na kuhesabu sekunde. Kipimo hiki hupunja mitandao yenye kasi kubwa, kwa sababu faili huisha kabla njia haijafunguka vizuri, lakini kati ya Mbps 2 na Mbps 10 hutofautisha vya kutosha.

Bando lenyewe huweza kuharibu kipimo. Bando la mitandao ya kijamii pekee halihusishi seva za upimaji, na kipimo kitakataa au kitakula salio la kawaida. Mabando yasiyo na kikomo mara nyingi hupunguzwa kasi baada ya kiwango fulani, hivyo laini iliyokwisha kuvuka kiwango hicho itaonekana dhaifu isivyo haki. Wi-Fi, VPN na masasisho ya programu huzimwa kwanza. Na herufi zisichanganywe: programu za kupakua huonyesha MB kwa sekunde, vipimo huonyesha Mbps, na moja ya kwanza ni sawa na nane za pili.

Programu za bure nazo zina bei yake. Nyingi huomba ruhusa ya mahali mtu alipo, na kampuni kama Ookla na Opensignal huuza takwimu zitokanazo na vipimo hivyo. M-Lab huweka matokeo yake wazi kwa umma, pamoja na anwani ya IP iliyotumika. Anayejali faragha huweza kufuta programu baada ya wiki ya upimaji, au kutumia kipimo cha kwenye kivinjari bila kutoa ruhusa ya mahali.

Kwa anayetaka rauta badala ya simu, upimaji hauishii dukani. Ukurasa wa mipangilio wa rauta nyingi za Huawei, unaofunguliwa kwa 192.168.8.1, huonyesha RSRP, RSRQ na SINR. Kuihamisha rauta kutoka nyuma ya kabati hadi dirisha linaloelekea mnara, au kuipandisha ghorofani, huweza kuongeza desibeli kadhaa bila shilingi moja. Paa na kuta za bati huzuia mawimbi vibaya kuliko tofali, na kwenye nyumba kama hizo antena ya nje ndiyo matumizi ya kwanza ya maana ya fedha. Hata hivyo antena haipunguzi msongamano wa mnara. RSRQ ikionyesha mnara uliojaa, fedha hiyo itapotea bure.

Vipimo vilivyoandikwa vina kazi nyingine. Lalamiko linalosema mtandao unasumbua hujibiwa kwa ushauri wa kuzima na kuwasha simu. Lenye tarehe, saa, mahali, namba ya seli inayoonyeshwa na programu, RSRP na matokeo ya kasi humfikia fundi likiwa na cha kufanyia kazi, na mtoa huduma asiposhughulika, vielelezo hivyo hivyo hupelekwa TCRA au CA.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko kile matangazo yanachouza. Netflix hupendekeza Mbps 5 kwa picha ya 1080p. Wakala wa M-Pesa anayetumia menyu ya kupiga namba hahitaji kupima kasi kabisa, kwa kuwa huduma hiyo hupita hata kwenye 2G. Kwa nyumba nyingi, mtandao wenye RSRP ya −100 au bora zaidi, usiopoteza vifurushi, na unaoshikilia Mbps 5 saa mbili usiku unatosha. Mitandao miwili ikifaulu mtihani huo, wenye bando la bei ndogo ndio wa kuchukua, na laini ya ule mwingine ibaki kwenye tundu la pili kwa siku ambayo wa kwanza utakatika.